Bwawa la Kuogelea na Ng'ombe wa Mama

Nianze na ukweli ili nisijipendelee: bwawa lile nililitaka mimi. Si watoto, kama nilivyokuwa nawaambia watu kazini. Watoto wako shule za bweni, na wakirudi likizo wanalala mpaka saa tano. Nililitaka mimi, kwa sababu mwenzangu mmoja wa ofisini alijenga la kwake, na kila Jumatatu ilibidi tusikilize jinsi wageni walivyolisifia. Nikasema, hee, na mimi nashindwa nini?

Ila mimi ni mvivu, na uvivu wangu siufichi. Sikutaka bwawa la kunitumikisha. Nikamwita fundi mmoja wa Sombetini, mtu mzima, muongeaji wa taratibu, ambaye ameshajenga mabwawa ya hoteli kadhaa. Nikamwambia, "Fundi, nataka bwawa ambalo nikitoka asubuhi kwenda kazini silifikirii tena mpaka jioni."

Akacheka. "Dada, hilo halipo. Lakini la kazi kidogo lipo, ukinisikiliza."

Nikamsikiliza, tena kwa makini kuliko ninavyomsikiliza mchungaji. Alinikataza plasta ya kupaka rangi, eti itabanduka na kila baada ya miaka michache nitakuwa namwita tena. Akataka zege la kumwaga, kuta na sakafu kwa pamoja, nondo za kutosha, kwa kuwa udongo wetu huu wa chini ya Meru ukinyeshewa unacheza. Vigae mimi nilikuwa nimependa vyeupe. Akasema maji ya Arusha yanaacha ukoko, na kwenye kigae cheupe nitauona kila siku na kila siku nitanuna. "Meno yetu yenyewe yameshindwa, dada, sembuse kigae?" akasema, akanionyesha yake, ya kahawia kwa maji hayohayo, kama yangu. Tukachagua vigae vidogo vya kijivu. Kingo tukaziweka jiwe la kuchonga lisiloteleza, na juu kifuniko cha turubai cha kuvuta, kwa ajili ya vumbi la kiangazi.

Likabaki suala la mahali. Fundi akazunguka uwanja wa nyuma na futi kamba yake. Chini ya mgrevilea hakutaka, majani. Karibu na mparachichi hakutaka, majani na maparachichi yenyewe. Mwishowe akasimama kwenye kona ya jua, mahali pasipodondoka hata jani moja, akagonga ardhi kwa kisigino. "Hapa."

Hapo palikuwa na banda la ng'ombe wa mama yangu.

Mama anaishi na mimi hapa Sekei tangu baba alipofariki. Alihama Machame kwa kenta, yeye mbele na dereva, ng'ombe nyuma. Ndugu zangu walimwambia amwache yule ng'ombe, akasema akibaki ng'ombe na yeye anabaki. Kwetu ng'ombe wa ndani ni wa mama: mama ndiye anayemkatia majani, mama ndiye anayemkamua, na maziwa yaende wapi ni mama anayeamua. Hapakupita mwaka, mtaa mzima ukawa unamfahamu yeye kuliko mimi niliyetangulia. Mwanamke akijifungua, mama anampelekea maziwa bila kuambiwa. Asubuhi namsikia anaongea na ng'ombe wake kwa Kichaga, anamgombeza, halafu anacheka peke yake.

"Na ng'ombe?" fundi aliniuliza kwa sauti ya chini. "Ng'ombe na bwawa haviendi, dada. Nzi, harufu. Na huku nyuma hakuna pa kumhamishia."

"Hilo niachie mimi," nikamjibu.

Nikamwambia mama kwamba kutakuwa na ujenzi, makelele, vumbi, ng'ombe atashtuka na maziwa yatapungua. Kwa nini tusimweke kwa mtu, kwa muda? Na nilijua ninachofanya. Kwetu ng'ombe huwekwa kwa mtu: anayewekewa anakunywa maziwa na kuchukua samadi, ndama mnagawana, na ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Ni jambo la heshima. Baba mwenyewe aliwahi kuwa na ng'ombe kwenye mabanda ya watu watatu. Ningesema tumuuze, mama angekataa palepale. Kwa hiyo nikachukua desturi anayoiamini kuliko kitu chochote, nikamtapeli nayo. Mama yangu mzazi, jamani.

"Mpaka ujenzi uishe?" akauliza.

"Mpaka uishe."

"Na banda?"

"Tutakujengea jingine, mama. Zuri, la saruji."

Akafurahi. Hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo, alivyofurahi. Akamchagua mwenyewe wa kumwekea, mjane mmoja anayesali naye, anayekaa juu kule mlimani na ana migomba mingi. Wiki iliyofuata akamfuata fundi na kumpimia kwa hatua ukubwa wa banda analolitaka, mlango utazame wapi, mkojo upitie wapi. Akamsisitizia sakafu iwe ya kukwaruza, ng'ombe asije akateleza. Fundi aliitikia kila kitu, "Ndiyo mama, sawa mama," huku ananitazama kwa pembeni.

Baadaye akanifuata. "Dada, mama ananiuliza banda naanza lini. Nimwambie nini?"

"Mwambie bwawa kwanza," nikasema kwa ukali, kana kwamba kosa ni lake. Akaenda akamwambia hivyo. Mzee wa watu, nikamfanya na yeye mwongo.

Bwawa likaisha, na likapendeza, sitaongeza uongo mwingine hapo. Siku lilipojaa maji mama alikuja na kigoda chake, akakaa, akautazama uwanja wote kutoka ukuta huu mpaka ule. Hakuna aliyemwambia kitu. Aliangalia tu, akaona hakuna nafasi ya banda wala ya kuku.

"Ni zuri," akasema. "Yule mjane ana wajukuu wadogo. Maziwa yanawafaa. Mwache abaki naye tu."

Alinifunikia aibu yangu kabla sijafungua mdomo. Haki ya Mungu, ningependa anitukane.

Baada ya hapo akaendelea kuamka saa zake zilezile, akatoka nje, akakosa wa kumgombeza. Akachukua ule wavu wa kuokotea majani bwawani, lakini majani hayakuwepo, fundi alikuwa amefanya kazi yake vizuri mno. Akafagia kingo ambazo hazikuwa na uchafu. Akamaliza, akaanza upya. Nikamwambia, "Mama, pumzika, umefanya kazi maisha yako yote."

"Nimepumzika tangu asubuhi, mwanangu," akajibu.

Jumamosi moja nikawaalika watu wa ofisini, bosi wangu na mkewe wakiwemo. Nyama choma, soda, muziki, na mimi nimevimba kichwa kwa sifa. Mama alikuwa na kanga zake na ndala, anapanga viti. Mke wa bosi akatoka majini anatetemeka, akamwita kwa kidole. Hakumpa hata shikamoo.

"We mama, hebu niletee taulo. Na ukirudi uje na chai ya moto."

Nilikuwa hatua tatu kutoka pale, sahani mkononi. Nilichotakiwa kusema ni kifupi mno: huyu ni mama yangu. Basi. Lakini nikaona itakavyokuwa, yule mwanamke kuona haya, bosi kuomba radhi, shughuli yote kupoa. Nikakausha. Nikaigeukia nyama kwenye makaa, nikajifanya inaungua.

"Haya, mama," mama akaitikia, akaondoka mbio na magoti yake yale mabovu. Akarudi na taulo alilolikunja vizuri, na chai ya tangawizi, akamshikia kikombe mpaka alipomaliza kujifuta. Kisha akawapitia wengine mmoja mmoja kuuliza nani ana baridi. Na wao wakamtuma. Huyu soda, yule chumvi, yule mwingine amsogezee kiti kivulini. Nilimtazama usoni nikitafuta uchungu, maana uchungu wake ndio niliostahili. Sikuuona.

Waliondoka jua likiwa bado lipo. Mama akakusanya vikombe vyote, akakataa nisimsaidie hata kimoja. Nikamfuata jikoni. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba msamaha wa ng'ombe, wa uongo, wa yule mwanamke, wa kunyamaza kwangu. Wa kunyamaza kwangu hasa.

"Mama," nikasema, "leo nimekukosea sana."

Sijui kama alinisikia au alijifanya hakusikia. Alikuwa anafuta mikono kwenye kanga, na uso wake ulikuwa umechangamka, kitu ambacho sikuwa nimekiona kwa miezi.

"Hawa wageni wako," akaniuliza, "wanakuja tena lini?"