Siku Niliyokataa Ugali wa Ukweni

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikifumba macho naiona mpaka leo: nimelala chali katikati ya shamba la wakwe zangu, jembe liko kule, kofia iko huku, na mbingu ya Ufipa inazunguka juu yangu. Sikupigwa na mtu. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na njaa tu, tena njaa ya kujitakia, maana asubuhi ile ile niliwekewa ugali mbele yangu nikaukataa kwa mdomo wangu mwenyewe.

Jana mchana uliposogeza sahani ukamwambia bibi yako, "Bibi, mimi ugali nimeacha, napunguza mwili," aliinyamazia hiyo kauli yako. Ulidhani amekasirika. Hakukasirika. Alinitazama mimi, nami nikatazama chini, kwa sababu tulikumbuka jambo moja wote wawili. Kaa hapa mkekani nikusimulie, maadamu yeye yuko jikoni. Akiwepo hataniacha nimalize, atanisahihisha kila neno.

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa karani wa kijiji chetu, upande wa Mwazye. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na mwandiko wangu ulisomeka, basi mwenyekiti akanikabidhi daftari la majina. Shamba la kijiji lilikuwa na siku zake. Siku hizo watu walitoka na ukungu, majembe begani, mimi nikatoka na kigoda. Naketi, naita majina, naandika nani kaja na nani hakuja, kisha naendelea kuketi mpaka jua linapanda. Wenzangu wameinama, mimi nimekaa. Tukirudi nyumbani tunakula kile kile, ugali wa ulezi na maharage, na kwenye kukata tonge mkono wangu haukuwa mzembe hata kidogo! Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Mimi nilichumia kivulini, nikalia kivulini hapo hapo.

Basi mwili ukaitika. Shingo ikapotea, vifungo vya shati vikaanza kugombana. Mama yangu, Mungu amrehemu, alifurahi sana, akawa anawauliza majirani, "Mnaona mtoto wangu alivyopendeza?" Kwa mama mwili ni heshima. Lakini kwenye mikutano tulikuwa tunafundishwa kila wiki kwamba adui wa kijiji ni kupe, yaani mtu anayenenepa kwa jasho la wenzake. Sasa siku moja nainuka kwenye kigoda changu, nikasikia mama mmoja nyuma yangu anasema, "Haya, kupe wetu kanyanyuka." Shamba zima likacheka. Nami nikacheka ili nisionekane nimeumia, lakini niliumia, mwanangu, niliumia sana.

Huenda ningevumilia. Tatizo nilikuwa nimeshampenda Skolastika, huyu huyu bibi yako. Kwao kilikuwa kijiji cha pili, mwendo wa saa mbili kwa miguu, kilima hiki unapanda, kile unashuka. Mshenga alipofika kwa baba yake, Mzee Anselmi, alikuta sifa zangu zimemtangulia. Mzee hakukataa, wala hakukubali. Alimwambia mshenga, "Mwambie aje wakati wa matuta. Nataka kuona kama huo mwili una mikono."

Wewe wa mjini Katandala matuta yetu unayaona ukipita na bodaboda, yale ya mviringo yaliyotapakaa shambani. Tunayaita ntumba. Unageuza ardhi pamoja na majani yake, unayafukia ndani, juu unapanda maharage, na majani yale chini yanaoza taratibu mpaka yanakuwa mbolea. Ni kazi ya mgongo hasa. Kijana aliyeposa alikwenda kuifanya ukweni, halafu alikula pamoja nao, na kule kula kulikuwa sehemu ya kazi. Chakula cha ukweni ni mkono umenyooshwa. Usipoupokea, umejibu.

Nilikuwa na mwezi mmoja na siku chache za kujiandaa. Ningeshika jembe kwetu, nikazoea, pasingekuwa na hadithi leo. Lakini akili ya ujana! Nikajiambia: kupe ni tumbo, tumbo ni chakula, basi adui ni chakula. Nikaacha kula. Asubuhi chai kavu, mchana kiazi kimoja, jioni nasema nimeshiba kwa jirani. Mama alinililia, akafikiri nina homa ya siri. Na kigoda je? Kigoda nilikiacha? Thubutu! Niliendelea kukikalia vile vile, tena sasa nilikikalia zaidi kwa sababu miguu haikuwa na nguvu.

Siku ya kwenda ukweni nilifika uso umeingia ndani kama nimetoka hospitali, na tumbo, we acha tu, bado lilikuwepo. Tukanawa, ukaletwa ugali unafuka moshi, maharage, na samaki wa ziwani waliotunzwa kwa ajili yangu mimi mgeni. Nikasema, "Asanteni wazee wangu, tumbo linanisumbua, nitakula baadaye." Mzee Anselmi aliyekuwa ameshakata tonge akalirudisha. Kulikuwa na bibi mzaa baba wa Skolastika, Bibi Leokadia, mwembamba, mweusi, macho kama ya kuku anayelinda vifaranga. Yeye alinitazama tangu utosini mpaka kwenye ndala.

Husemwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa siku ya kwanza. Ntumba ya kwanza nikaifanya, ya pili nikaifanya, na ya tatu Skolastika akaniangalia kwa mbali akatabasamu, nikaona mambo yananinyookea. Kwenye ya sita au ya saba jembe likawa zito ghafla. Kilichofuata nimekwisha kukuambia.

Nilipozinduka nilikuwa kivulini pembeni ya ghala, na Mzee Anselmi anaongea bila kupandisha sauti. "Huyu ametukataa. Amekaa na njaa yake mpaka ameanguka, kuliko kula mikononi mwetu. Anafikiri tutamtilia nini? Mwambieni mshenga asirudi." Nikajaribu kuinuka nikashindwa. Nikamwona Skolastika amesimama na bakuli la uji, machozi yanamdondokea kwenye kanga, na hakuna aliyemruhusu anipe. Pale ndipo nilipojua nimempoteza, na sikuwa na mtu wa kumlaumu.

Bibi Leokadia akalichukua lile bakuli, akaja kukaa chini karibu yangu. Nikajikakamua: "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Salamu unazo, nguvu huna. Kunywa kwanza." Nikanywa mpaka mwisho. "Sasa wewe mume wangu," aliniita hivyo kwa utani wa mabibi, ingawa uso wake haukuwa na utani, "sema kweli. Umetuogopa sisi?"

"Hapana, Bibi. Haki ya Mungu, hapana."

"Kumbe nini?"

Mficha maradhi kifo humuumbua, nami nilikuwa nimeumbuka tayari. Nikamweleza yote, mbele ya Mzee na mbele ya Skolastika: kigoda, lile jina la kupe, chai kavu na kiazi. Bibi alisikiliza, kisha akaanza kucheka. Yesu na Maria, alicheka! Alicheka mpaka akakohoa, mpaka Skolastika akampiga mgongoni.

"Ala! Kijana msomi mzima!" akasema. "Nani alikusema kwa kula? Kijiji chenu chote kinakula. Mimi nakula, niangalie, huu mkono mkavu unakula kukushinda wewe. Hukusemwa kwa sahani, kijana. Ulisemwa kwa kigoda. Ukaiacha sahani, ukabaki na kigoda!"

Nimesikiliza mahubiri mengi maishani, ya kanisani na ya jukwaani, lakini hakuna lililoniingia namna ile. Nilitamani ardhi ipasuke. Yeye akamgeukia mwanawe: "Anselmi, huyu hakudharau chakula chetu. Ni mjinga tu, na ujinga unatibika. Nipe mimi nimtibu."

Mzee alilitazama lile bakuli tupu. Mwishowe akasema, "Mpaka maharage yavunwe. Basi."

Dawa ya Bibi ilikuwa hii. Nile kwetu kama wanavyokula wenzangu, asubuhi, mchana na jioni, nishibe kama mtu, nisijinyime, wala nisizunguke nyumba za watu kuonja vyungu. Kigoda nikiondoe. Na kila Jumamosi nije kwao kwa miguu, baiskeli ya kijiji niiache, nilime pamoja nao na tule pamoja.

Siku ya kwanza shambani kwetu niliita majina nimesimama, nikafunga daftari, nikashika jembe. Watu wakasimamisha majembe kama kapita mchawi. Yule mama aliyeniita kupe akasogea kidogo kunipa nafasi kwenye mstari, akasema, "Karani, angalia usitukate miguu." Viganja vilivimba vikapasuka. Njia ya kwenda kwa kina Skolastika nilikuwa nasimama kila kilima nikijifanya natazama mandhari, na watoto wa shule wananipita wanakimbia huku wakinisalimia kwa adabu, ambayo iliniuma kuliko matusi.

Mwezi ukaisha, suruali ni ile ile. Nikamlalamikia Bibi Leokadia, nikamwambia labda nipunguze tonge kidogo tu. Akanishika mkono hadi kwenye ntumba moja, akafukua pembeni kwa vidole, akatoa majani. Yalikuwa bado majani, yamekuwa ya njano tu.

"Yameoza?" akauliza.

"Bado, Bibi."

"Sasa tuipige ntumba? Au tuyatoe?" Akayarudisha ndani, akapiga udongo kwa kiganja. "Funika, endelea na kazi yako."

Nikafunika, mwanangu. Nikaendelea. Sijui ni lini hasa mambo yalibadilika. Siku moja nilifika juu ya kilima cha mwisho nikagundua sikusimama popote. Siku nyingine mama alinishika suruali nyuma, akaguna, akaipunguza kwa sindano, na mwisho nikawa naifunga kwa kamba ya katani. Na nilikuwa nakula! Nilikuwa nakula kwa furaha, nalala kama gogo, naamka mwepesi. Ile shibe ya zamani ilikuwa inanilaza mchana, hii ilinipa nguvu ya kushika jembe.

Maharage yakavunwa. Siku hiyo tukanawa, ukaletwa ugali na maharage mapya, nikakata tonge mbele ya watu wote. Nilikula mpaka nikaona chini ya sahani, na macho ya Bibi Leokadia hayakunitoka. Mzee Anselmi alimaliza lake, akajifuta midomo, akamwambia Skolastika, bila hata kunitazama, "Mwongezee mkwe."

Mkwe! Sikumbuki kama niliitafuna ile nyongeza.

Baada ya chakula Bibi alinipeleka kwenye ile ntumba yetu, akafukua. Ulikuwa udongo mweusi, laini, hauna jani hata moja. Akanipangusia ule udongo kwenye shavu, akaondoka zake anacheka. Alifariki kabla mama yako hajazaliwa. Nilimshukuru, lakini si kwa kiasi nilichopaswa. Mke niliye naye, watoto, magoti haya yanayonifikisha kanisani na kunirudisha, vyote vilipita kwenye kiganja chake. Ndiyo maana kila mwaka, hapa nyuma ya nyumba yetu Izia, nageuza ntumba moja ya peke yake. Majirani wanafikiri uzee umeniingia kichwani. Ni ya Bibi Leokadia ile.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni fupi. Mwili wako si adui, usiupige vita kwa njaa. Kula chakula cha kwenu kwa kiasi cha mtu, ushibe, umshukuru Mungu aliyekiotesha na mikono iliyokipika. Ukitaka kupungua, tafuta kigoda chako kiko wapi, kisha nyanyuka. Wewe chako nakijua: kutoka Katandala mpaka sokoni ni bodaboda, kutoka sokoni mpaka hapa ni bodaboda. Tembea. Lima. Teka maji. Fanya leo, fanya kesho, na mwezi ukiisha suruali ikiwa ile ile, funika, endelea na kazi yako. Na chakula cha anayekupenda usikisukume mbele ya macho yake, kwa maana hujui yeye anasikia nini unapokisukuma.

Mungu akupe mwili wenye nguvu na moyo mwepesi. Akupe miguu ya kukufikisha unakokwenda, na huko unakokwenda ukute watu wa kukuambia kweli huku wamekushikia bakuli la uji. Uzeeke kama sisi, unakula, unatembea, unacheka.

Haya, unasikia? Bibi yako anatuita, ugali umeiva. Nenda kanawe. Tukimaliza, jembe la pili liko nyuma ya mlango, na ntumba ya Bibi Leokadia mwaka huu sijaianza. Nilikuwa nakungoja wewe.