Matroni Klaudia na Kijana Aliyesamehewa Bila Kosa

"Mama huyu atatumaliza! Tangu aingie kijijini kwetu hata kuku wameacha kutaga, migomba inaanguka bila upepo, na mimi mwenyewe sijalala usingizi tangu enzi za Mjerumani!"

Aliyekuwa anapiga kelele ni Karugendo, mwenyekiti wa kijiji chetu huku Muleba. Enzi za Mjerumani hakuwa hata amezaliwa, lakini Karugendo akikasirika huwa anazaliwa mapema. Alikuwa amesimama uani kwa shemeji yake Jovita, mjane wa kaka yake, anamnyooshea kidole mwanamke mfupi mnene aliyekaa kwenye mkeka, anatafuna punje za kahawa taratibu kama mgeni anayesubiri chakula.

"Ndugu Mwenyekiti," yule mwanamke akasema, "keti basi utafune kahawa. Ugomvi wa kusimama unachosha miguu."

"Sikai! Umempeleka kijana shambani!"

"Alikwenda mwenyewe. Mimi nilimbebea jembe tu."

"Kilema, mama! Umempeleka kilema akalime shamba la ujamaa! Wageni wa wilaya wakija watasema Karugendo ni mkoloni!"

"Ana jina, waitu, mwenzetu. Anaitwa Projestus. Amekaa hapo mlangoni na masikio anayo."

Kweli alikuwepo, mlangoni, magongo yake yameegemea ukuta. Miguu yake polio iliichukua akiwa mdogo, lakini mikono ilikuwa mikono kweli, kama ya mpiga makasia wa kisiwa cha Goziba. Alikuwa anatabasamu chini chini. Mama yake, Jovita, alikuwa anamenya ndizi, na ganda lilikuwa linatoka nene kuliko kawaida.

Sasa huyo mwanamke wa kwenye mkeka ndiye Klaudia. Nyumbani kwao Buhembe, na kazi yake ilikuwa umatroni katika shule moja ya sekondari pale Bukoba mjini. Kusoma alisoma kidogo tu, kama mimi, yaani kusoma kwa kutosha kujua barua ni ya nani. Kazi yake kwenye makaratasi ilikuwa mablanketi, sabuni, na kuangalia nani anaumwa. Lakini alijiongezea kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Kila mwaka, mwanafunzi mwenye ulemavu akimaliza kidato cha nne, Klaudia anafunga kapu lake likizo ikianza, anapanda naye basi, anakwenda naye mpaka kwao. Na haondoki. Anakaa pale anakula ndizi zenu mpaka ajue huyo kijana atafanya nini maishani.

Alianza kwa sababu ya msichana mmoja, Kokubanza, asiyeona. Shuleni Kokubanza alikuwa moto, wenzake wanamsomea kitabu mara moja tu, kimeingia. Akamaliza, shule nzima ikamwimbia, akaenda kwao. Baada ya miaka kadhaa Klaudia akapita kijiji kile kwenye msiba, akamkuta Kokubanza nyuma ya nyumba anapukuchua maharage. Akamwita jina lake. Msichana akashtuka kama ameitwa na marehemu. Pale nyumbani walikuwa wanamwita "yule wa nyuma".

"Sisi shuleni," Klaudia alikuwa anapenda kusema, "tunafunga mzigo vizuri, kamba nzuri, fundo zuri, halafu tunautupa barabarani." Klaudia akamchukua Kokubanza, akamtafutia kazi ya kufundisha watoto kuimba kanisani na kusuka mikeka, na mpaka leo ukipita kule utamsikia anawakaripia watoto. Tangu hapo Klaudia hakuacha tena mzigo barabarani.

Basi mwaka sabini na tano mzigo ulikuwa Projestus, na ukaletwa kwetu.

Mwaka ule tulikuwa tunafungua kijiji kipya kwenye rweya, ile mbuga ya majani matupu juu ya vibanja vyetu vya migomba, mahali ambapo zamani kina mama walikuwa wanapanda njugumawe na ng'ombe wanazunguka. Mpango ulikuwa hivi: vijana wote wanaume wanalima pamoja shamba la ujamaa mpaka mvua za Machi. Rimu ya gari ikigongwa asubuhi, wote juu. Kazi ikiisha, kila aliyelima anakatiwa kiwanja chake, ajenge, apande migomba, aoe. Asiyelima hana kiwanja. Na wewe unajua, Mhaya asiye na kibanja ni kama mgeni aliyesahau kwenda kwao. Kibanja cha marehemu Ndyamukama, baba yake Projestus, kilishakwenda kwa kaka mkubwa. Kwa hiyo Projestus asipopata kiwanja kule rweya, atakaa jikoni kwa mama yake mpaka mvi zimtoke. Hilo ndilo Klaudia alilokuja nalo kichwani.

Asubuhi ya siku ile ya ugomvi Projestus alikuwa amekwenda rweya na wenzake. Mwandikaji wa mahudhurio akakataa kumwandika. Akamwambia, "Wewe umesamehewa."

Na Karugendo pale uani alirudia neno hilohilo. "Tumeshamsamehe, mama! Kamati nzima! Kwa huruma! Jumapili nitatangaza mbele ya watu wote. Unataka nini tena?"

Klaudia akaacha kutafuna. "Mmemsamehe?"

"Kabisa! Maisha yake yote!"

"Haya," akasema. "Jumapili nitakuja kusikia."

Karugendo akaondoka akidhani ameshinda. Maskini.

Jumapili, misa ilipoisha, tukakusanyika mbele ya shule ya msingi. Karugendo akasema Uhuru na Kazi, tukaitikia, akaanza kusoma waliosamehewa kazi za kijiji. Wazee fulani. Mama fulani mja mzito. Mgonjwa wa kifua. Halafu akavuta pumzi, akapanua mikono kama askofu.

"Na Projestus, mtoto wa marehemu kaka yangu. Huyu tumemsamehe kazi zote, maisha yake yote!"

Tulipiga makofi. Tulipiga kweli kweli, wengine wakafuta machozi. Sisi tukiwa wema huwa tunapenda watu wajue.

Klaudia akanyoosha mkono.

"Ndugu Mwenyekiti, mimi ni mgeni, elimu yangu ya mablanketi. Naomba kuuliza kitu kimoja. Amekosa nini?"

"Nani?"

"Projestus. Mmemsamehe. Kosa lake ni lipi?"

Watu wakaangaliana. Hapa lazima ujue kitu. Kiswahili chetu wengi tulikipata sehemu mbili, shule na kanisa, na kanisa ndilo lililopata wengi zaidi. Wakubwa wa ofisini wakisema umesamehewa, wana maana usihesabiwe, pita zako. Sisi tukisikia kusamehewa, tunaona sanduku la maungamo na pazia lake.

"Hana kosa," Karugendo akasema. "Ni... ni utaratibu."

"Katekista Kagaruki yupo?" Klaudia akauliza.

Yupo, akanyanyuka na rozari yake. Mzee huyu alikuwa hawezi kuachia swali la dini lipite bila kulishika mkia.

"Tata, baba yetu, mtu anaweza kusamehewa kabla hajaungama?"

"Hawezi!" Kagaruki akapaza sauti. "Kwanza kuungama, ndipo masamaha. Masamaha si senene, unagawia kila apitaye!"

"Umesikia, Ndugu Mwenyekiti. Projestus, simama mwanangu, uungame."

Projestus akashika magongo, akasimama. Akakohoa.

"Naungama kwamba nilimaliza kidato cha nne."

Kicheko cha kwanza kikatoka kwa vijana. Karugendo akagonga meza.

"Naungama pia," Projestus akaendelea, uso wake hauchezi, "kwamba tangu nirudi nimekula ndizi za mama yangu mwezi mzima, na sijamlimia hata shina moja."

"Hilo la pili ni dhambi!" Kagaruki akaruka. Alikuwa anasema kweli, si utani, yeye hakuwa anajua utani. "Uvivu ni dhambi, imo kwenye katekisimu!"

"Basi tata, nipe kitubio."

"Kitubio..." Kagaruki akaangalia juu, akaangalia rweya kule kilimani, na kabla hajafungua mdomo uwanja mzima ukapiga kelele, "Jembe!"

Bojo! Watu walicheka mpaka mama mmoja akaangusha mtoto mgongoni, bahati akaangukia kwenye majani. Karugendo alikuwa amesimama anatafuta pa kuweka mikono. Alikuwa mtu mwema yule, usimwone vibaya. Kosa lake lilikuwa kudhani huruma ni kumwambia mtu akae chini.

Akajaribu njia nyingine. "Haya, haya. Apewe kazi ya kukaa. Akamenye ndizi za wafanyakazi pamoja na kina mama."

"Kumenya naweza," Projestus akajibu. "Lakini nauliza, baba mdogo. Anayemenya naye anakatiwa kiwanja?"

Karugendo akaanza kukunja karatasi yake ya majina.

"Jibu, mwenyekiti!" sauti ikatoka upande wa kina mama. "Hata sisi tunangoja hilo jibu tangu rweya ilipoanza kulimwa!"

Wanaume tukaona ni vizuri mkutano ufungwe. Ukafungwa haraka kuliko mkutano wowote niliowahi kuhudhuria, na Projestus akaandikwa pamoja na walimaji.

Usidhani kuanzia hapo mambo yalikuwa mteremko. Jumatatu rimu iligongwa, Projestus akaja na jembe ambalo mpini wake umekatwa mfupi, na gunia la kahawa limekunjwa mara nne. Akaweka gunia chini, akakaa, magongo kando, akaanza kulima amekaa. Akimaliza mbele yake anajisukuma kwa mikono, anasogeza gunia, anaendelea. Klaudia alikuwa amemzoesha hivyo kwenye bustani ya shule, jioni baada ya masomo, mwaka mzima.

Vijana hatukumwachia. "Projestus, unalima au unatambaa kutafuta shilingi?" "Hilo jembe au kijiko?"

"Kijiko," akasema. "Mimi nakula shamba. Ninyi mnalilamba."

Alikuwa na mdomo, na mdomo ndio uliomsaidia kuliko huruma yetu yote. Kwenye kazi yenyewe alikuwa wa polepole. Sisi tukimaliza sehemu zetu jua likiwa utosini, yeye yuko nusu. Tukienda kunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, yeye bado yuko na gunia lake. Wapo walionung'unika: mbona anahesabiwa sawa na sisi, nusu si moja. Wakapeleka maneno kwa Karugendo, wakitegemea atafurahi.

Karugendo akapanda rweya mwenyewe jioni. Akasimama mbali, akamwangalia mtoto wa kaka yake anasogeza gunia, analima, anasogeza gunia. Halafu akaja mpaka tulipokuwa tumekaa na kata ya rubisi.

"Ninyi," akasema. "Kila mkutano nawaimbisha nini? Kila mtu afanye kazi kwa kadiri ya nini?"

"Uwezo wake," tukajibu, kama watoto wa darasa la pili.

"Basi yeye amemaliza uwezo wake. Ninyi mmebakiza wenu mnaunywa." Akachukua ile kata, akainywa yote yeye, akashuka zake.

Mvua za Machi zilipokaribia, viwanja vikakatwa. Klaudia alikuwa amerudi Bukoba shule ilipofunguliwa, lakini siku ile aliomba ruhusa, akaja. Jina la Projestus likaitwa kama majina mengine, bila makofi, bila machozi. Kiwanja chake kiko ukingoni, karibu na njia, udongo mzuri. Alishuka kwa magongo, wenzake wawili wakashika kamba, akapigilia vigingi vya mpaka yeye mwenyewe. Akaanza kugombana na jirani siku hiyohiyo kwamba kigingi kimesogea. Nikajua huyu tayari ni mtu mzima.

Klaudia akarudi kwa Jovita kuchukua kapu lake. Basi la Bukoba lilikuwa halijapita, na kuna msichana mmoja wa Kitendaguro alikuwa anamaliza mwaka ule, mikono haimtii, na baba yake alishasema hataki kusikia habari za kazi.

Jovita, ambaye miezi yote ile hakusema kitu, alikuwa amesimama mlangoni. Sasa akasema.

"Atalala peke yake kule juu? Na upepo ule?"

"Atajenga. Wenzake wameahidi kumsaidia kukandika."

"Nani atamchotea maji?"

"Atapatana na watoto wa jirani. Yeye anawafundisha hesabu, wao wanachota."

"Atapika nini? Hajawahi kupika!"

"Bwenini alipika. Chumvi anazidisha, lakini hafi."

Jovita akaangalia jiko lake, akaangalia ule mlango ambapo mtoto wake alikuwa anakaa tangu hajaota meno. Sauti yake ikapanda, mpaka sisi tuliokuwa njiani tukasimama.

"Wewe mwanamke! Tangu azaliwe nimembeba, nimemwogesha, nimemlisha, mgongo wangu umepinda kwa ajili yake! Umekuja na kapu lako, umemtoa ndani ya nyumba yangu! Haya niambie, mimi sasa nitamlea nani?"

Klaudia alikuwa na kapu mkononi. Akajifunga kitenge vizuri, akaweka kapu kichwani, akashika njia ya migombani kuelekea barabarani.