Radhi ya Mlangoni

Zamani, mtu wa Kolwezi aliyekuwa anakwenda Makka alipita mlango kwa mlango kuomba radhi, kwa Waislamu na kwa Wakristo, hata kwa jirani ambaye yeye mwenyewe alimwibia kuku utotoni; siku hizi anabonyeza simu mara moja, na mji mzima umeshaombwa.

Mzee Mpoyi Sudi alilelewa katika desturi ile ya kwanza. Aliyesamehe alimnywesha msafiri kikombe cha maji pale pale mlangoni, na jambo likaisha. Maalimu wao alifundisha kwamba Arafa, kilele cha hija, huosha yaliyo kati ya mja na Mola wake. Yaliyo kati ya mtu na mtu, Mungu humwachia aliyedhulumiwa.

Na yeye alikuwa amedhulumiwa na mwanawe Sumaili. Mzee alipokuwa mji wa Dilolo kwenye matanga ya dada yake, Sumaili aliwaingiza wachimbaji katika kiwanja cha familia. Mzee aliporudi, pale palipokuwa na chumba cha kusalia alichokijenga marehemu baba yake palikuwa na shimo lililofunikwa turubai, na vijana wakipandisha magunia ya mawe ya kobalti. Tangu hapo baba na mwana hawakusemezana.

Basi aliposikia kwamba Sumaili na mkewe Zaina wanakwenda hija, moyo ulimlainika. Atakuja. Hana budi kuja. Akasugua kikombe cha bati, akaketi mlangoni.

"Tata Mpoyi, hicho kiti kitaota mizizi," alisema jirani yake Mbelu, muuza mikate.

"Nangojea mutoto, mama. Anakuja kuniaga."

"Kukuaga tena? Si alituma message? Hata mi alinitumia." Akaisoma kwa sauti: "'Ndugu wapendwa, kama niliwakosea, munisamehe.' Mi mukristo, tata. Nimusamehe nini? Hata mukate yangu hajakula."

Mzee akatoa simu yake. Maneno yalikuwa yale yale. Ndugu wapendwa.

Akajaza kikombe, akakifunika kwa kisahani, akaenda nacho kwa miguu hadi kwa Sumaili. Alikuta gari linanguruma, tayari kwa safari ya Lubumbashi kwenye uwanja wa ndege.

"Tata! Message haikufika?" Sumaili aliuliza kutoka ndani ya gari.

"Ilifika."

"Bon. Basi yote niliisha kusema mule."

Mzee akainua kikombe. Sumaili akamwonyesha chupa miguuni pake. "Asante, tata. Maji tuko nayo."

Neno "nimekusamehe" lilikuwa limemfika mzee ulimini. Akalizuia. Radhi haigawiwi kama peremende. Huombwa kwanza, kwa mdomo, mtu na mtu.

Tangu ije habari kwamba joto la kule liliwaua wote wawili, na kwamba wamezikwa huko huko, waumini humjia wakimwambia ashukuru, kwani aliyefia hija amekufa vizuri. Yeye huwauliza lile neno alilolizuia alipeleke wapi sasa. Wao hunywa chai yao.

Siku ile, mara ya mwisho alipowaona, gari lilikuwa limeshaanza kwenda. Sumaili alikuwa ameinamia simu. Zaina, aliyelelewa na bibi yake katika desturi ile ya zamani, alikitambua kile kikombe. Alitoa mkono dirishani akipokee, na mzee akakimbia, maji yakimmwagikia kifuani, mkono ule ukizidi kwenda mbali, ungali wazi.