Vinywaji Vyeupe

Habari ilimfikia Istar kwenye kibanda cha taar, redio ya kupigia simu katika kambi ya wakimbizi ya Ifo, saa tatu asubuhi, mbele ya watu kumi na wawili waliokuwa foleni. Taar haina siri. Anachoambiwa mmoja husikiwa na wote. Sauti ya Muslimo, mama yake mdogo, ilikwaruza kutoka Garissa: "Istar, mama yako amerudi kwa Mola wake alfajiri. Tunazika baada ya Alasiri. Ovar." Istar akabonyeza kitufe, akasema Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Mtu wa nyuma yake akamwomba apishe.

Alipata nafasi kwenye gari la shirika alilolifanyia kazi. Njia nzima jambo moja lilimrudia: hakuwa amemwomba mama yake msamaha. Mara tatu alikwenda nyumbani na maneno hayo kinywani, na mara tatu akarudi nayo Ifo.

Mama yake, Batula, aliuza maziwa ya ngamia katika soko la Garissa kwa zaidi ya miaka ishirini. Hakuyatia maji hata mwaka wa ukame. Ulimi wake ulikuwa mkali. Mteja aliyeonja mara mbili bila kununua aliulizwa kama mama yake ngamia amemwachisha kunyonya. Mumewe alipokufa, maziwa hayo yalimsomesha Istar mpaka kidato cha nne, na Istar akaongoza darasa lao kwa Kiswahili. Batula alijivunia hilo kuliko mifugo. "Wengine wamezaa wana wa kiume," alikuwa akisema. "Mimi nimezaa mdomo wa ofisini."

Mwaka wa tisini na saba alianza kutoka damu chooni. Aliificha miezi mingi kwa haya. Alipokonda, hospitali ikamwandikia barua aende Nairobi kupimwa utumbo mpana, na mdomo wa ofisini ukafuatana naye.

Muuguzi wa huko alisema haraka, macho yakiwa kwenye faili nyingine. Siku moja kabla ya kipimo mama asile kitu. Anywe mafuta ya mbarika, kisha vinywaji vyeupe tu, mpaka tumbo litoke safi. Mwingine! Istar angeweza kuuliza, ila msichana aliyeongoza Kiswahili haulizi maana ya neno mbele ya watu. Wenye Kiswahili chao wakisema maji meupe, wanataka maji matupu, unayoyaona mpaka chini ya gilasi. Kwa mtu wa ngamia, kinywaji cheupe ni kimoja tu duniani. Istar akamtafsiria mama yake hivyo.

Batula alicheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. "Kumbe daktari naye amelelewa na ngamia." Alikuwa amewabebea wenyeji wao wa Eastleigh jerikeni ya maziwa. Alikunywa mafuta, akanywa maziwa, akashinda chooni mchana kutwa akimshukuru Mungu kwa dawa asiyohitaji kuizoea.

Kesho yake walimvua nguo zote, wakampa joho lililo wazi mgongoni, yeye ambaye hakuwahi kufunua nywele mbele ya shemeji. Walimlaza kwa ubavu wa kushoto, magoti kifuani, wakamchoma sindano ya usingizi mwepesi. Istar aliruhusiwa kusimama kichwani ili atafsiri. Mrija mweusi wenye taa nchani uliingizwa nyuma, ukapuliza hewa mpaka tumbo likavimba, na Batula akauma ncha ya shela ya Istar. Daktari alitazama, akasonya, akauchomoa.

"Mama, umekuja kupimwa au kukamuliwa?" Wauguzi wakacheka. "Humu ni mtindi mtupu, sioni kitu. Muulize kwa nini amekunywa maziwa."

Hapo ndipo Istar alipolielewa neno. Hakumwuliza mama yake chochote. Alisema, "Anasema amesahau."

Batula alikuwa na usingizi, lakini Kiswahili cha sokoni kilimtosha. Nje ya mlango alisema, "Mimi nimesahau nini, hooyo, mwanangu?" Istar akajibu kwamba daktari alikuwa na haraka. Batula hakuuliza tena.

Walipewa tarehe ya mwishoni mwa Novemba. Garissa nzima ikajua kwamba Batula hakuweza kushinda siku moja bila maziwa. Wenzake sokoni wakamwita ndama mzee. Aliyekuwa na jibu kwa kila mtu alinyamaza, kwa sababu jibu lilikuwa jina la binti yake. Novemba mvua kubwa zilikata barabara. Ilipofunguka, utumbo ulikuwa umeziba, na Batula alitapika hata maji.

Istar alifika adhuhuri. Walimwosha Batula yeye na Muslimo, kwa staha, kuanzia kulia. Kabla ya kufunika uso, Muslimo alisema yanayosemwa na watu wetu:

"Wewe ndiye mtoto wake. Kama alikukosea lolote, msamehe."

"Hakunikosea. Mimi ndiye niliye—"

"Hilo hujaulizwa. Umemsamehe?"

"Nimemsamehe," Istar alisema.

Wakamfunga sanda, vipande vitano, wakamtia kafuri. Baada ya Alasiri wanaume waliinua jeneza wakaenda nalo. Wanawake walibaki mlangoni, kama ilivyo desturi. Wanaume waliporudi, kabla ya Magharibi, walisema kaburi lilikuwa kavu na sala ilikuwa na safu nne. Mwenyezi Mungu amrehemu.