Kiapo cha Dereva Isihaka

Mume wangu Isihaka ni mtu mwema. Naanza na hilo msije mkasema nimemsengenya. Ila ana ugonjwa mmoja: anajua kunyamaza. Mimi Siwema, Mungu anisamehe, sikujaliwa. Ukiniambia jambo asubuhi, kufika adhuhuri kijiji kizima kimelipata, na wengine wamelipata na chumvi juu yake. Yeye ukimwambia jambo, umelizika.

Alizaliwa Mbeya mjini. Baba yake alikuwa fundi cherehani wa Kilwa aliyekuja kutafuta riziki kwenye baridi yetu, na alitaka mwanawe naye ashike sindano. Mwana akashika usukani. Miaka ile ya kupeleka mafuta Zambia aliendesha malori ya mapipa kwenye barabara ya udongo, wenzake wakiporomoka makorongoni, akarudi nyumbani hana la kusimulia zaidi ya kwamba mvua ilinyesha. Nilipoposwa nilidhani ule ukimya ni adabu ya uchumba, utaisha tukishaoana. Wapi!

Baadaye alipata kazi ya kuendesha Landrova ya wilaya, nasi tukahamia Itipula, huku Usangu, tulime mpunga. Wiki nzima yeye yuko safarini, Jumamosi anakuja. Itipula ina udongo mzuri, lakini ina mto Ilanji, na zahanati iko ng'ambo ya mto. Kiangazi unavuka maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu. Masika mto unafura, hapiti mtu wala ng'ombe. Jirani yangu Mbuke, Msukuma aliyehamia hapa na mumewe na mifugo yao, alijifungulia ukingoni huku nimemshikia mwamvuli, na zahanati tunaiona kwa macho. Mtoto alipona, lakini mimi nilitetemeka siku tatu. Basi mwaka 1970, nilipohesabu miezi nikaona mtoto wangu wa pili atakuja Februari, mto ukiwa umejaa pomoni, sikuwa na sala nyingine ila daraja.

Na mwaka huo ulikuwa wa uchaguzi wa Bunge.

Kwetu chama ni kimoja, lakini msidhani ubunge unagawiwa kama sadaka. Jimboni mwetu waliomba watu sita. Mkutano mkuu wa wilaya ukawapigia kura, majina yakaenda Halmashauri Kuu ya Taifa, yakarudi mawili: Ndugu Silvester na Ndugu Saulo. Mmoja akapewa alama ya jembe, mwingine nyumba, ili hata asiyejua kusoma apate pa kuweka kura yake. Silvester jembe, Saulo nyumba.

Sasa sikilizeni utaratibu wa kampeni. Hakuna mgombea kutembea peke yake. Hakuna kugawa pombe wala kanga. Hakuna kuhutubia kwa Kisangu, Kisafwa wala Kisukuma, ni Kiswahili tu, na hakuna kumtaja mtu kabila lake wala dini yake. Wagombea wote wawili wanapanda gari moja, wanahutubia jukwaa moja, dakika sawasawa, msimamizi ameshika saa. Leo huyu kaanza kusema, kesho anaanza yule. Hata kiti cha mbele kwenye Landrova walikalia kwa zamu, maana anayekaa nyuma anashuka kichwa cheupe kwa vumbi, na nani atampa kura mtu aliyefanana na gunia la unga?

Dereva wa Landrova hiyo ni nani? Isihaka wangu! Wasimamizi walimwapisha kwa Msahafu kwamba atakayoyasikia ndani ya gari hatayatoa nje mpaka matokeo yatangazwe. Walijua kumchagua, wale. Kama wangeniapisha mimi, uchaguzi ungevunjika siku ya pili.

Jumamosi ya kwanza nilimpikia wali na kuku mzima. Nikamwacha anyonye mifupa, ndipo nikauliza, "Baba Tunu, hivi yupi mtu wa maana kati ya wale?"

"Wote ni wanachama," akasema.

"Nani anakoroma?"

"Wote."

"Nani mchoyo?"

"Chai inalipwa na wilaya, mama Tunu. Nipe maji ninawe."

Jumamosi ya pili nikanuna, sikupika. Akaingia jikoni akapika mwenyewe, akanipakulia, na akaniuliza kama chumvi imekolea. Jumamosi ya tatu nililia. Machozi ya kweli, jamani, si ya kuigiza! Nikamwambia, "Hili tumbo si la kwako? Huoni natafuta wa kunivusha?" Akanishika mkono, macho yamemwiva. Kisha akasema, "Niliapa, Siwema." Akatoka kwenda kuangalia matairi. Nilimchukia siku ile, sifichi.

Wakaja Itipula wiki mbili kabla ya kura. Saulo ndiye aliyeanza. Mwalimu wa zamani, mrefu, anaongea kama anayesomesha darasa la nne. Akatueleza kwamba Bunge ni moja tu kwa nchi nzima, linakutana Dar es Salaam. Ndani yake kuna wabunge wa majimbo waliochaguliwa kama sisi tutakavyochagua, kuna wanaoteuliwa, kuna wakuu wa mikoa wanaoingia kwa vyeo vyao, kuna na wenzetu wa Zanzibar. Akasema, "Mbunge hana fedha ya daraja mfukoni. Kazi yangu ni kusimama niulize, na waziri sharti ajibu, na jibu linaandikwa. Sitawaahidi daraja. Nitawaahidi kuuliza mpaka wanichoke." Watu wakapiga makofi mawili matatu ya heshima. Mbuke akapiga miayo. Mimi nilisonya kabisa. Nimebeba mimba, mtu ananiletea maswali!

Akapanda Silvester. Lo! Yule bwana alikuwa na sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Akatutazama, macho yakatua kwangu, kwenye tumbo, akaninyooshea mkono mbele ya watu wote. "Mama yule pale hatajifungulia upande huu wa mto! Daraja la Ilanji nitalijenga mimi!" Nikapiga kigelegele hadi mwanangu Tunu akaziba masikio. Isihaka alikuwa ameegemea gari, anatazama chini. Nikasema moyoni, mwone, hata kufurahi hajui.

Kuanzia kesho yake nikawa jembe kutwa nzima. Sheria ilimfunga dereva, mke wa dereva haikumfunga. Kwenye mfereji wa maji, kwenye kupepeta mpunga, kwenye arusi moja na matanga mawili, nilimwambia kila mwanamke: jembe, dada, jembe, daraja letu. Mbuke alikuwa anaelekea kwa Saulo, kwa kuwa mumewe alisema mwalimu hana makeke. Nilimkalia siku mbili, akageuka. Wengine walisema tu, "Wewe mumeo yuko nao garini, unajua unachosema." Sikuwakanusha. Niliinua nyusi kidogo na kutabasamu, waelewe watakavyo.

Siku ya kura tulipanga foleni tangu alfajiri. Karatasi ya Rais ya ndiyo au hapana, na karatasi ya mbunge yenye jembe na nyumba. Masanduku yakapelekwa wilayani kuhesabiwa. Siku ya tatu redio ya dukani ikatangaza: Silvester ameshinda. Tulicheza ngoma mpaka miguu ikawaka moto, mimi na tumbo langu mbele.

Jumamosi Isihaka akarudi. Aliweka mfuko chini, akavua viatu, akaketi mkekani. Nikamletea chai huku nacheka. "Haya bwana, kiapo kimekwisha. Nipe habari za gari."

Akanywa kikombe kizima kwanza. Kisha akaongea, na sijawahi kumsikia Isihaka akiongea kwa muda mrefu vile. Alisema Silvester, kabla ya kila mkutano, alikuwa anamgonga begani na kumuuliza, "Dereva, hapa wanataka nini?" Kwa watu wa mifugo akaahidi josho la kuogeshea ng'ombe. Kwa watu wa mto akaahidi daraja. Madaraja tisa, Isihaka aliyahesabu. Wakirudi garini alikuwa anacheka, anasema watu hawa kesho watakuwa wamesahau. Na ile siku ya Itipula, watu walipotawanyika, Saulo alimwomba Isihaka asimamishe gari mtoni. Akapandisha suruali, akaingia majini na kamba, akapima upana wa Ilanji, akauliza masika maji yanafika wapi, mti gani, jiwe gani. Akaandika yote kwenye daftari, pamoja na idadi ya wanawake waliojifungulia ukingoni. Silvester alikuwa amelala kiti cha nyuma, kofia usoni.

"Swali la kumuuliza waziri lilikuwa tayari," alisema Isihaka. "Saulo alinisomea njiani. Nilitamani kukwambia mpaka kifua kikauma."

"Wamepishana kura ngapi?" nikauliza.

"Ishirini na saba. Katika jimbo lote lile." Akatikisa kichwa. "Watu kumi na wanne tu wangehama upande, mama Tunu. Kumi na wanne! Nimekesha siku mbili najiuliza, je, kama ningevunja kiapo?"

Nikaanza kuhesabu. Mbuke, mmoja. Lea na mama mkwe wake, watatu. Sekela na dada zake wawili, sita. Wale wa mferejini, saba, kumi na watatu. Mke wa mwenye mashine ya kukoboa, kumi na wanne. Na hapo sijagusa watu wa arusini.

"Mbona umenyamaza?" Isihaka akaniuliza. Akacheka kidogo, maskini, kwa kuwa hakuwa amezoea kuniona hivyo.

Nikamwambia mtoto anapiga mateke.

Februari mto ulifura kama kawaida yake. Nilijifungulia ukingoni, Mbuke ndiye aliyeshika mwamvuli. Tulipata mtoto wa kike, mzima, ana mapafu ya mama yake. Daraja halijaja hadi leo, na mwakani tunapiga kura tena. Isihaka bado anajilaumu kwa kushika kiapo. Wakati mwingine, tukiwa wawili shambani, anaacha jembe na kusema, "Kumi na wanne tu, Siwema." Mimi ninayetangaza ya wenzangu kijiji kizima, ninainama na kuendelea kupalilia, na sijamwambia.