Waliokosana Ndio Huchoma

Enzi zetu kule Kisegi, ukikosana na ndugu yako hukupelekwa kwa chifu. Mlipewa mbuzi mmchome pamoja. Wenzangu mliokula chumvi nyingi mnajua ninachosema; vijana wa siku hizi, ambao wakikosana wanablokiana kwenye simu na maisha yanaendelea, wanivumilie kidogo. Nimeyakumbuka haya kwa sababu mwezi uliopita zamu ya kualika kikundi chetu cha kusaidiana ilinifikia hapa Migori, na kati ya wageni alikuwemo mdogo wangu Akinyi, ambaye hatukuwa tumesemezana naye tangu tumzike Mama. Tuligombania cherehani ya Mama. Ndiyo, cherehani, na hakuna kati yetu anayejua kushona.

Baba alikuwa katika kikundi cha wanaume walioitana ndugu. Waliezekeana nyumba, walichimbiana makaburi, walimpalilia shamba aliyeugua. Kila baada ya mavuno walikula nyama nyuma ya nyumba ya mmoja wao, Jumapili alasiri, maana nusu yao walikuwa Wasabato na nusu walitoka misa. Sharti lao lilikuwa moja: waliokosana ndio huchoma. Mmoja anashika kisu na kugeuza nyama, mwingine anashika bakuli la maji ya chumvi na kuchochea makaa, na hakuna ruhusa ya kugusa kazi ya mwenzako. Nyama ikiharibika, kikundi kizima kinarudi nyumbani na njaa.

Zamu ya kwetu ilipofika, waliokosana walikuwa Baba mwenyewe na Baba Mdogo Odhiambo, mdogo wake wa kufuatana, ambaye boma lake lilipakana na letu. Ng'ombe wa Baba Mdogo alikuwa ameingia kwenye mahindi yetu, Baba akamfunga mpaka jioni, na Baba Mdogo alipokuja kumfungua alitoa maneno ambayo Mama alituziba masikio tusiyasikie. Misimu miwili ikapita bila salamu. Walioumia ni sisi watoto. Tulikatazwa kwenda kwa binamu zetu, na njia kati ya maboma ikaota nyasi hadi magotini. Mimi na Akinyi tulikuwa tukisimama kwenye ua, tukiwasikia wenzetu wakiruka kamba upande wa pili. Nililia kwa hilo, sioni haya kusema.

Siku yenyewe Mama na wake wa wanachama walikuwa jikoni wakisonga ugali wa mtama, macho mekundu kwa moshi. Mimi na Akinyi tulijibanza dirishani, tumeshikana mikono mpaka vidole vikafa ganzi. Akinyi alikuwa mtu wa kumwomba Mungu hata amsaidie hesabu. Alinong'ona, "Waongee tu, hata neno moja."

Wapi! Baba Mdogo na kisu chake, Baba na bakuli lake, kila mmoja akaangalia kwake. Mafuta yalidondokea makaa, harufu ikatutoa mate, kisha harufu ikabadilika. Paja la kwanza lilikuwa linaungua upande wa Baba. Aliliona, akakaza midomo. Wanaume wengine walikaa kwenye viti wakizungumza habari za uvuvi wa omena na mvua, utadhani wote wana mafua. "Yawa, hawa watu watatuaibisha," Mama akasema. Paja likawa jeusi kama tako la sufuria.

"Odhiambo, nyama inaungua!" Baba akapasuka.

"Si ungesema mapema! Macho unayo ya kazi gani?"

"Ningesemaje na mtu aliyenitukana mbele ya watoto wangu?"

"Na wewe ulimfunga ng'ombe wangu juani bila maji!"

Basi hapo ndipo walipoanza. Waligombana saa nzima, lakini mikono ikifanya kazi. Geuza hapo! Tia chumvi, acha uchoyo! Na mahindi yangu je? Hilo ini limeiva, litoe! Walimaliza habari za ng'ombe, wakamaliza za mahindi, wakarudi hadi utotoni kwao, nani alivunja chungu cha mama yao. Hapo Baba Mdogo akacheka. Baba alijaribu kujizuia, akashindwa. Mwenyekiti akalichukua lile paja lililoungua, akawawekea mbele yao. "Hili ni lenu. Limalizeni." Wakakwangua weusi, wakalila lote. Kesho yake Baba Mdogo alikuja na panga kufyeka njia, sisi nyuma yake tukizoa nyasi.

Mwezi uliopita mimi nilifanya mambo ya kisasa. Hema, viti vilivyovalishwa nguo, spika, na kijana wa kuchoma kutoka mjini, mwenye aproni nyeupe na koleo refu. Nyama ilipakwa vitu vya chupa nisivyovijua majina, ikapigwa picha kuliko bibi harusi. Kikundi chetu kina katiba yenye kurasa nyingi, lakini sharti la waliokosana halimo. Mara tatu nilitaka kumwambia yule kijana apumzike, nimwite Akinyi. Mara ya kwanza nikasema wageni watatuonaje. Mara ya pili nikasema aanze yeye, kwani si mimi ndiye mkubwa? Mara ya tatu nyama ilikuwa imeshaiva.

Wazee wetu hawakuwa wapole kutushinda. Walikuwa na hasira kali sana. Ila walikuwa na wenzao waliokubali kukaa na njaa mpaka hasira hiyo iishe. Sisi tunaheshimiana mno. Anayenuna tunampa kiti chake na sahani yake.

Akinyi alikula, akanawa, akanifuata langoni. Mimi na yeye tumeongea Dholuo tangu tupate ulimi. Hata cherehani tuliigombania kwa Dholuo. Kiswahili ni cha sokoni, cha wateja na wageni. Alinipa mkono, akasema kwa Kiswahili safi kabisa, "Asante sana kwa kutualika. Chakula kilikuwa kizuri."

Nami, Mungu anisamehe, nikamjibu, "Karibu tena."