Mkwe Wangu na Mbonyezaji wa Alfajiri

Mkwe wangu ana sauti ndogo. Kabla ya kuolewa na mwanangu alikuwa mpokezi katika zahanati, na huko alizoea kuongea kama mtu aliyesimama karibu na kitanda cha mgonjwa. Siku ya kwanza alipoingia dukani kwetu, mke wangu alimwuliza, "Mwanangu, unanong'ona na nani?"

"Na mteja, mama."

"Mteja yuko upande ule wa kaunta. Hajalazwa."

Duka letu ni la vyerehani. Tunauza vipya, tunatengeneza vibovu. Fundi ni mimi. Kusoma nilifundishwa na mke wangu nikiwa na mvi tayari, kwa maandishi ya kwenye pakiti za sindano, kwa hiyo naandika kwa kifupi. Haya ni ya mkwe. Yeye hawezi kujisema.

Mke wangu alikuwa na maneno ya kututosha sote. Mshonaji akileta cherehani kinachokata uzi, haulizi cherehani kina nini, anamwuliza mshonaji ana nini. Wateja wakamwita Mama Mkali. Jina likahamia kwenye kibao cha duka. Hakulikataa. Alisema tu herufi zingefaa kuwa kubwa zaidi.

Mkwe ndiye aliyemwambia, "Mama, haya unayowaambia watu kila siku, si tuyarekodi? Wasikie na wa mbali." Akaegemeza simu kwenye kopo, mke wangu akaketi mbele yake akaanza kuigombeza. Vikatoka vipande kumi na viwili vya video. Kwa nini uzi unakatika. Kwa nini sindano inavunjika. Kwa nini kitambaa kinakunjamana. Katika kile cha uzi anasema, "Wewe unayekanyaga pedali kama unamfukuza mwizi, mwizi ni wewe. Punguza." Katika cha sindano kuna mtu anakohoa kwa nyuma. Anageuka, anasema, "Huyo ni mzee wangu. Msimjali, haumwi, anataka chai." Kisha anarudi kwenye sindano.

Mkwe akaviweka kwenye ukurasa wa duka mtandaoni. Chini ya kila kimoja akaandika aliyoyasema mama mkwe wake, neno kwa neno. Matusi madogo akayaruka.

Mwaka uliofuata mke wangu alifariki. Ninayoyasimulia yalitokea miezi saba baadaye.

Mkwe ndiye anayetuuzia mtandaoni. Kazi yake alinieleza mara moja, tukimenya viazi.

"Baba, mtu akitafuta kitu kwenye simu anapewa orodha. Juu kabisa ni matangazo. Hayo tunalipia, na tunalipa kila mtu anapobonyeza, anunue asinunue. Chini yake ni kurasa zilizopanda zenyewe, kwa sababu watu wanazipenda. Hizo ni bure."

"Anunue asinunue?"

"Anunue asinunue."

"Hata akibonyeza kwa bahati mbaya?"

"Hata akiikalia simu, baba."

Nikaona ni kazi ya hatari. Nikaendelea na viazi.

Mwanangu ni mtu wa kufupisha mambo. Jioni moja mezani akasema ukurasa mpya unatengenezwa, utaanza tarehe mosi. Video za mama hazitakuwamo.

"Watu chungu nzima wanaziangalia, hakuna anayenunua," akasema. "Wanaonunua wanatokea kwenye matangazo. Namba ziko wazi." Akanitazama. "Tutazihifadhi mahali, baba."

Mahali hapo napajua. Ndipo alipohifadhi cheti chake cha ndoa, tunakitafuta mpaka leo.

Kitandani niligeuka upande huu na upande ule. Sauti ile haipo kwingine duniani.

Mkwe naye alikuwa na lake la kumnyima usingizi. Fedha ya matangazo, ile ya kutosha siku nzima, ilikuwa inaisha kabla watu hawajanywa chai.

"Kuna mtu anatubonyeza," akasema. "Kila alfajiri, kuanzia saa kumi na moja na nusu. Mara kumi, mara kumi na mbili. Yuko mtaa huuhuu. Anatafuta jina letu, anabonyeza tangazo, hanunui. Kesho tena."

Ikifika adhuhuri, mtu akitafuta Mama Mkali, juu hatupo. Yupo Bwana Tai.

Bwana Tai ana duka la vyerehani pale njia panda. Huvaa tai hata akibeba makasha. Alikuwa amelilipia jina letu, mtu akiliandika, tangazo lake linatokea. Ndiyo maana na sisi tulilazimika kulilipia. Hilo halikuniingia kichwani, mtu kulipia jina lake mwenyewe.

"Ni Bwana Tai," akasema mwanangu.

"Huyo hana haya," nikasema. Nilisema kwa nguvu kabisa.

Mkwe akajifunga kitambaa kichwani, akaenda kumkabili. Nilimfuata, sauti yake isije ikapungua njiani.

"Habari za asubuhi," akamwambia. "Nimekuja kukuomba uache kutubonyeza."

Bwana Tai akainamia kaunta. "Sema kwa sauti, binti."

"Unatubonyeza!"

Mlikuwa na wateja watatu. Wote wakageuka.

"Ninawafanya nini?"

"Kila alfajiri. Mara kumi na mbili."

Mteja mmoja akaweka kikapu chini ili asikie vizuri.

Bwana Tai akalegeza tai. "Binti, jina lenu nimelilipia, sikatai. Ni biashara. Lakini alfajiri? Mimi naamka saa mbili. Muulize mke wangu."

"Saa nne!" ikatoka sauti nyuma ya pazia.

"Saa tatu na nusu," akasema Bwana Tai.

"Saa nne, na soksi anavalishwa!"

Tukatoka. Njiani mkwe akasema, "Baba, si yeye."

"Labda anabonyeza usingizini," nikasema. Nilikuwa bado upande wa mkwe.

Kesho yake mkwe aliamka kabla ya jogoo ili amvizie adui. Akaketi jikoni na kompyuta, akawa anaangalia wanaoingia kwenye ukurasa wetu. Chumba changu kimepakana na jikoni, na ukuta ule ni wa mbao.

Nilipoamka niliiambia simu, "Mama Mkali." Huwa naiambia, kuandika kunanichosha. Jina letu likatokea pale juu, nikabonyeza. Mke wangu akaanza na uzi. Alipomaliza nikaiambia tena simu, "Mama Mkali." Sijui kurudi nyuma, najua kuanza upya. Kila kipande naanzia mwanzo.

Jikoni nikasikia, "Huyo, wa kwanza."

Nikabonyeza kumsikiliza kwenye sindano.

"Wa pili. Kaa hapohapo, mshenzi wewe."

Nikafikiri ni panya. Nikabonyeza cha tatu. Jikoni nikasikia kiti kikisogezwa kuelekea ukutani. Kisha mlango wangu ukagongwa, taratibu.

"Baba."

"Naam."

"Unatafuta nini kwenye simu?"

"Namsikiliza mama yenu."

Akaomba simu. Akaangalia nilipobonyeza, akaangalia tena.

"Baba, hili ni tangazo."

"Tangazo gani? Hata sabuni hakuna."

Akaketi kwenye kiti cha mlangoni. "Miezi saba," akasema. "Adui yangu miezi saba analala nyuma ya jiko." Akaanza kucheka kile kicheko chake cha zahanati, mabega tu. Kisha mabega yakaendelea na haikuwa tena kucheka. Nikamwambia, "Basi, mama. Basi."

Mumewe akaambiwa tu kwamba adui kapatikana na ameahidi kuacha.

"Nani?"

"Mzee mmoja."

"Mzee mzima! Apelekwe polisi," akasema mwanangu, mdomo umejaa.

Nikaomba chumvi.

Tarehe mosi ikafika. Mkwe alikuja kuniambia mwenyewe, amesimama, kama anayeleta majibu ya vipimo. Ukurasa mpya umeanza, video zimetoka. Nikamwambia asante kwa kunijulisha. Kwenye ukurasa huo kuna picha ya msichana anacheka mbele ya cherehani. Niliitazama kwa muda. Cherehani hakina uzi.

Sasa matangazo yalikuwa yanakesha, hakuna wa kuyala. Watu wakabonyeza, watu wa kweli. Wakaingia, wakaangalia, wakatoka. Oda hazikuja. Mwanangu akasema tusubiri. Juma la pili vyerehani vikazidi kutujazia varanda, ikabidi wateja wa matengenezo wapite kiubavu. Mwanangu akasema labda ni mvua. Hapakuwa na mvua.

Mkwe akaanza kumwuliza kila aliyepiga simu: ulitupataje? Akawa anaweka simu kwenye spika, maana wengi walikuwa wakali na walimwumiza sikio. Wa kwanza kumjibu vizuri alikuwa mshonaji wa sare za shule, aliyewahi kununua kwetu viwili na sasa alitaka cha tatu.

"Yule mama yuko wapi?" akauliza. "Nimebonyeza tangazo lenu nakuta msichana anacheka. Anacheka nini? Cherehani hakina uzi!"

"Mama alifariki, dada."

"Poleni sana. Lakini ndiyo mmtoe? Mimi uzi ulikuwa unanikatikia, nikatafuta, nikampata yeye. Akanisema, uzi ukaacha kukatika. Baadaye nikataka kununua. Nikatafuta tena, pale juu matangazo matano. Nikabonyeza la kwenu kwa sababu nawajua, mmeshanigombeza. Leo nimeingia nikadhani nimekosea duka. Nimeshatoka mara mbili. Hata Bwana Tai nimeshamwangalia."

Mkwe alipiga simu nyingine kumi na moja siku ile, kwa wateja wa zamani. Tisa walisema hivyohivyo. Mmoja alimwita marehemu "yule bibi wa mwizi ni wewe." Mwingine alikuwa bado anapunguza pedali.

Jioni mezani mkwe aliweka kijiko chini. Mara ya kwanza maishani nilimsikia nikiwa upande wa pili wa chumba, bila kutega sikio.

"Tumekosea," akamwambia mumewe. "Tangazo linamwita mtu. Mama ndiye aliyekuwa anamfanya aitike."

"Namba zinasema wanunuzi wanatoka kwenye matangazo."

"Wanatoka huko mara ya mwisho. Mara ya kwanza walikuja kwa mama, wana shida, hatukulipa kitu. Wewe umemhesabu mtu aliporudi. Alipokuja hukumhesabu."

"Basi tuache matangazo, tubaki na mama."

"Tukiacha, mtu akitaka kununua anaandika 'nunua cherehani', anakutana na Bwana Tai, anatusahau. Mama hakuwahi kuzungumzia kununua, alizungumzia kuharibikiwa. Tangazo linamfanyia kazi mama, mama analifanyia kazi tangazo. Ukimtoa mmoja, mwingine anasimama peke yake barabarani anapunga mikono."

Mwanangu akanigeukia nimsaidie.

"Umesikia," nikamwambia. Hotuba yangu iliishia hapo.

Usiku uleule, kabla ya sahani kuoshwa, mkwe alirudisha video zote kumi na mbili. Msichana wa picha akaondoka na kicheko chake. Nilidhani mambo yamekwisha. Kumbe ukurasa ukitolewa unapoteza nafasi, na kuirudisha si kazi ya siku moja. Mtu aliyetafuta habari za uzi kukatika alimkuta mke wangu mbali kabisa chini, baada ya muuza kamba za viatu.

"Akikaa huko hakuna atakayemwona," akasema mkwe. "Na asipoonwa hapandi."

Akafanya jambo ambalo mumewe aliliita wazimu. Alichukua sehemu ya fedha ya matangazo, akalipia maneno ya mama: uzi unakatika, sindano inavunjika. Anayebonyeza haletwi kwenye bei. Analetwa kwa mama agombezwe. Mke wangu maisha yake yote hakulipia kitu ambacho angeweza kukipata kwa kugomba. Sasa analipiwa ili agombe.

Mimi nikapigwa marufuku kugusa simu alfajiri. Kila asubuhi mkwe alinipa taarifa akipita na ndoo.

"Ameondoka kwenye viatu, baba."

"Yuko wapi?"

"Wa kumi na nne."

Siku nyingine, "Wa tisa." Siku nyingine alirudi nyuma hadi wa kumi na moja, na sikula mchana. Mwanangu, aliyesema ni wazimu, nilimkuta bafuni anachungulia simu. Aliponiona akaificha. "Wa sita," akasema.

Oda zilianza kurudi kabla hajafika juu. Mshonaji wa sare akachukua chake, akaagiza cha dada yake. Varanda ikapitika.

Juma la nne mkwe alikuja asubuhi bila ndoo. Akaketi kwenye kiti cha mlangoni, akanyoosha simu.

"Baba, tazama. Haya ya juu ni matangazo. Na huyu hapa chini yake, wa kwanza, ni mama. Amepanda mwenyewe. Hapa hulipi, bonyeza hata mara mia."

"Na huyu wa juu?"

"Huyo usimguse."

"Naye si mama yenu?"

"Ni mama, baba. Lakini wa kulipia."

Nikaangalia vizuri nisije nikakosea. Nikabonyeza wa chini. Mke wangu akatokea, akaanza na mafuta, kwamba kuna watu wanatia mafuta kwenye cherehani kama wanakaanga samaki. Nikasikiliza hadi mwisho. Nikaanza upya. Nikaanza tena.

Mara ya nne mkwe akachukua funguo, akatuacha wawili, akaenda kufungua duka kabla ya saa yake.